Mapigo Arobaini kwa Pumzi Moja

Bariadi, Jumapili 4 Juni 1972

Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Nilivuka Rufiji kwa pantoni mwezi wa pili mwaka jana, mvua zimechelewa kufunga njia mwaka ule, na nilimwambia mke wangu Zena kwamba napiga msimu mmoja wa pamba narudi. Msimu ulikwisha nikabaki. Kesho kinu cha pamba kinafunguliwa kwa msimu wangu wa pili. Safari hii nimemwandikia hivi: kinu kikifungwa mwezi wa kumi naondoka, kabla mto haujafurika niko nyumbani.

Mimi ni Uledi Mashaka, mtu wa Nachingwea. Nimesoma mpaka darasa la nne. Naandika kwa sababu Ngeleja hayupo. Msimu uliopita tulikuwa pamoja kwenye presi ya kufunga marobota, na jioni tulikaa nje ya chumba chetu tukisema mambo ya siku. Alikuwa mtu wa Mwanhuzi. Alianza kukohoa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja alirudi kwao nyuma ya baiskeli ya mdogo wake, amekaa kama mzigo, na kabla mahindi hayajakomaa tuliletewa habari kwamba amekufa. Sasa mambo ya siku nayaandika.

5 Juni

Kinu kimefunguliwa. Marobota sitini na moja.

6 Juni

Marobota sabini. Upepo mkali.

10 Juni

Mtu asiyejua kinu cha pamba ajue hivi. Wakulima wanaleta pamba yenye mbegu. Mashine kubwa nne zinatenga mbegu na nyuzi. Nyuzi zinapulizwa hadi chumba cha presi, na sisi watu wanne tunaingia ndani ya sanduku tunazikanyaga kwa miguu. Presi inashuka, tunafunga robota kwa mikanda ya chuma, tunaanza tena. Mle ndani vumbi la pamba limesimama kama ukungu. Tunafunga kitambaa mdomoni. Jioni nikipenga kamasi inatoka pamba.

Msimamizi wetu ni Maganga. Ananiita Korosho kwa sababu ya kwetu. "Korosho! Hapa hatukaangi, hapa tunakanyaga!" Simpendi.

17 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo sikulifanya kwa miaka minane.

Maganga alinituma misheni na mkokoteni wa mbegu za pamba, chakula cha ng'ombe wa mapadri. Nyuma ya jiko nikamkuta mpishi, mama mmoja anaitwa Nyanjige, amepiga magoti anapuliza moto kwa bomba jeusi lenye matundu. Matundu ameyaziba kwa vidole ili upepo usitoroke. Nikasimama kumtazama. Vidole vilikuwa karibu kabisa na mahali panapotakiwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama kwa lugha ya hapa.

"Mwangaluka, baba."

"Hicho umekipata wapi?"

"Kwenye sanduku la zawadi za ng'ambo. Kinawasha kuni mbichi. Unakitaka cha nini, na wewe unapika?"

"Mayu, huo ni mguu wa klarineti."

"Mguu!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi kiwiliwili kiko stoo, kinakaa na panya."

Alikwenda kuleta sanduku. Vipande vingine vilikuwa vizima. Ndimi za mwanzi, zinazotoa sauti mdomoni, zilikuwa tatu kwenye kopo, mbili zimeliwa na mende. Nilipangusa masizi, nikaunga vipande, nikalowesha ulimi wa mwanzi kinywani. Nilipiga klarineti miaka tisa katika bendi ya jeshi la zamani, mpaka mwaka sitini na nne, baada ya maasi, tulipovunjwa wote, wenye hatia na wasio nayo. Nilidhani vidole vimesahau. Havikusahau.

Nyanjige aliweka mikono kichwani. Kabla sijashuka hadi nota ya chini, mtu mmoja alitokea mbio upande wa shule, chaki mkononi. Hakusalimu.

"Unasoma nota?"

"Kuliko ninavyosoma gazeti."

"Usiondoke hapo."

"Na mbegu zangu, Mwalimu?"

"Ng'ombe wanajua kula wenyewe."

Ndiye Mwalimu Constantine Masele. Alikaa seminari miaka sita, akajifunza fidla na nota, akatoka bila upadri. Ametunga muziki wa klarineti moja na vyombo vinne vya nyuzi. Ameutunga miaka mitatu na hajawahi kuusikia, kwa sababu klarineti haikuwepo, na ilipokuja, ilikuwa jikoni.

25 Juni

Mazoezi ya kwanza, Jumapili baada ya misa, darasani. Wapo hivi. Mwalimu mwenyewe fidla ya kwanza. Sista Felisita wa zahanati ya misheni fidla ya pili. Anapiga huku ameuma mdomo. Mashimba seremala amechonga fidla kubwa ya kupigwa umekaa, kwa mninga, nyuzi zake utumbo wa ng'ombe. Wa nne ni Malimi, mfugaji wa upande wa Sola, na zeze lake. Malimi hajui nota hata moja. Mwalimu humpigia mara mbili, yeye hushika, na hakosei. Sisi wenye karatasi ndio tunaokosea.

Muziki wenyewe sikuupenda. Niseme kweli. Nilizoea machi, muziki wa gwaride. Huu hauna pa kuweka mguu. Nyuzi zinakwaruzana, klarineti inapanda juu peke yake kama imekasirika, halafu wote tunanyamaza bila sababu. Nikauliza, "Mwalimu, wimbo uko wapi?" Akasema, "Tafuta." Nikamwona mtu wa maringo.

Mwisho wa sehemu ya pili kuna nota moja ya klarineti, mapigo arobaini kwa pumzi moja. Wakati ninaishika, wale wanne wanaacha mmoja mmoja mpaka nabaki peke yangu. Leo nimefika thelathini na nane bila mazoezi. Sista alinipigia makofi.

30 Juni

Marobota tisini. Nimelala na viatu.

2 Julai

Arobaini. Mashimba ametengeneza upya vifuniko vya klarineti kwa ngozi ya mbuzi. Malimi anasema sasa kinanuka kama harusi.

5 Julai

Nimeujua wimbo. Jioni injini ilipozimwa nilikuwa nimekaa juu ya robota. Mashine ya kwanza ikalala, ya pili, ya tatu. Ya nne ina mkanda mrefu, huwa ya mwisho, inaendelea kulia kwa sauti nyembamba mpaka inakata. Nikahesabu. Arobaini, labda arobaini na moja.

Nilikwenda shuleni hivyohivyo na pamba kichwani. "Mwalimu, hii ni kinu. Hii nota ni mashine ya nne."

Aliweka kalamu chini. "Nimekaa dirishani hapa miaka mitatu naisikiliza. Wewe ni mtu wa kwanza kujua."

"Wengine umewaambia?"

"Ukimwambia mtu, hasikii tena, anakumbuka ulichomwambia."

Kumbe si maringo. Alikuwa anamngoja mtu.

9 Julai

Arobaini kamili. Mwalimu amesema tutaupiga mbele ya watu Jumapili ya mwisho ya Agosti, na bwana utamaduni atakuja kutoka Shinyanga.

12 Julai

Kikohozi kidogo. Vumbi la njiani.

16 Julai

Malimi alinipeleka kutazama ngoma. Hapa baada ya mavuno watu wote ni Wagika au Wagalu, vyama viwili vya ngoma, na mtu huzaliwa humo kama dini. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila chama upande wake wa uwanja, wameacha nafasi katikati. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu: upande ukikolea wanakimbilia huko, mwingine ukizidi wanakimbia kurudi. Jua likikaribia kuzama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Leo Wagalu walileta chatu akatambaa shingoni mwa mchezaji. Uwanja wote ulihama mara moja, vumbi likafunika jua.

"Na dawa je?" nikamuuliza.

"Ya kuvuta watu? Kila manju anayo, huwezi kuongoza ngoma bila dawa. Kwani nyie kusini mnapigaje bila dawa?"

"Tunapiga tu."

"Ndiyo maana mnakuja kukanyaga pamba," akasema, tukacheka wote wawili.

19 Julai

Barua ya Zena, imeandikwa na kaka yake kama kawaida. Wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani imebomolewa, miti yake imejenga mpya. "Ukija usiende kule, hakuna mtu. Njoo kijijini, nyumba ya nne kutoka kisimani, mlango unatazama barabara." Nimeisoma mara tatu. Mtu anaelekezwa kwake.

Chini ameongeza kwamba ameingia darasa la elimu ya watu wazima.

23 Julai

Thelathini na sita. Nimesema ni ulimi wa mwanzi umechoka.

26 Julai

Nimekata matete ya mtoni nikachonga ndimi tano. Nne hazilii. Moja inalia kama bata. Narudia ule wa zamani.

30 Julai

Thelathini na nne.

Ulimi wa mwanzi hauna kosa. Nimeujaribu asubuhi kabla ya kazi na nimeujaribu jioni. Asubuhi ya Jumatatu nafika thelathini na sita. Jioni ya Jumamosi, ishirini na tisa. Jumapili nzima inanirudishia kidogo, halafu wiki inachukua zaidi ya ilichorudisha. Hata mtu wa darasa la nne anaweza kuona hesabu hiyo inakwenda wapi. Ngeleja hakuwa na klarineti ya kumpimia, ndiyo maana hakujua mpaka alipopanda baiskeli.

6 Agosti

Thelathini na moja, lakini Mwalimu anadhani ni arobaini. Nimefanya hila. Zeze ndilo la mwisho kuacha, na linapoacha linakwaruza kidogo. Hapohapo naiba pumzi puani, upesi. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Alisema, "Hivyo ndivyo."

Tulipotoka Malimi alinifuata na baiskeli yake.

"Umepumua."

"Wapi?"

"Kwenye mkwaruzo wangu. Umejificha nyuma yangu kama mwizi wa ng'ombe."

"Usimwambie Mwalimu."

"Nimwambie nini? Mimi sijui nota." Akatembea kidogo. "Ngeleja alikuwa mjomba wa mke wangu. Kikohozi chake naukumbuka mlio wake. Cha kwako kimekuwa ndugu yake."



8 Agosti

Marobota mia na nne. Maganga ametusifu. Nimemaliza kikohozi cha asubuhi karibu na saa nne.

11 Agosti

Nimekwenda zahanati. Sista Felisita aliweka sikio la mpira mgongoni, akaniambia nihesabu. Akasikiliza muda mrefu.

"Uledi, toka kwenye presi."

"Msimu ukiisha, Sista."

"Sikusema msimu ukiisha."

"Na Jumapili ya mwisho?"

Akanitazama. Yeye pia anapiga, anajua bila klarineti hakuna kitu. Akasema, "Nakuombea," akanipa vidonge. Nilimwona ameona aibu kwa jibu hilo.

13 Agosti

Ishirini na tisa na hila. Zena nimemwandikia, lakini sikuandika lini narudi. Kalamu ilifika pale ikapita.

20 Agosti

Ishirini na saba.

Mwalimu amebadilisha mkao. Wale wanne watakaa upande wa magharibi wa uwanja kwenye benchi, mimi nitasimama mashariki peke yangu, hatua thelathini kati yetu. Anataka sauti zisafiri. Nikamwambia, "Watu wa hapa watadhani tunashindana." Akasema, "Watasikiliza kwanza." Malimi akanong'ona, "Tafuta dawa, mtu wa kusini. Wewe ni mmoja na sisi ni wanne."

27 Agosti

Naandika Jumapili hiihii, jua bado lipo, kabla sijasahau.

Uwanja ulijaa. Pamba nyingi imeshauzwa, watu wana nafasi. Bwana utamaduni alikaa kwenye kiti. Mwalimu alisimama na shati jeupe akasema, "Huu ni muziki wa vyombo vitano. Tunaomba utulivu." Watu wakanyamaza kwa adabu. Halafu wakatazama benchi la watu wanne, wakanitazama mimi ng'ambo, wakatazama nafasi ya katikati. Nikaona vichwa vikigeukiana. Walikuwa wameelewa.

"Huyu wa mashariki chama gani?" mzee mmoja akauliza.

"Mtu wa korosho. Hana chama."

"Na wale?"

"Yule Malimi Mgalu. Mashimba Mgika."

"Wamechanganyika?" Mzee akatikisa kichwa. "Basi huyo mmoja lazima awe hatari."

Tulianza. Hawakungoja hata ukurasa mmoja. Zeze lilipoingia walilitambua, wakahamia kwao wote, wanawake wakipiga vigelegele, na mimi nikabaki na upande mtupu kama uwanja wa shule siku ya likizo. Nilipandisha zile nota za hasira kwa hasira kweli. Watu wakageuza shingo lakini miguu haikuja. Aliyekuja ni mmoja. Nyanjige alivuka uwanja wote peke yake, mwiko bado kiunoni, akasimama nyuma yangu. "Piga, baba!" akapaza sauti. "Hicho chombo nakijua mimi, kina upepo!" Watu wakacheka. Halafu akaja wa pili, akasimama kando yake amekunja mikono. Maganga. 

Mwalimu alikuwa akipiga huku uso wake umefura. Alitaka wasikilize, na walikuwa wakipiga kelele za ushindani juu ya kila kipande alichokiandika dirishani. Lakini niseme nilichokiona kwa upande wangu. Kelele zao hazikuwa ovyo. Nyuzi zilipokwaruza walinguruma. Tuliponyamaza wote ghafla, pale pasipo na sababu, uwanja mzima uliganda mguu juu. Sisi wa bendi ya jeshi hatukuwahi kusikilizwa hivyo.

Ikaja nota. Nilivuta pumzi yote niliyonayo. Moja, mbili. Sista akaacha. Kumi. Mwalimu akaacha, upinde chini. Uwanja ukashtuka: nyuzi mbili zimeshindwa! Kumi na tano. Mashimba akaacha. Sauti moja ikalia, "Wanakufa! Yule mmoja anawaua!" Nao wakakimbia. Watu wote wa upande wa magharibi, wanaume, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, walikata katikati ya uwanja kuja kwangu, kwa sababu ndiyo kanuni, na mimi ndiye niliyekuwa nikishinda.

Walikuja na vumbi. Udongo mweusi wa Agosti umekauka unga. Ulifika kabla yao, nikauona unakuja, na nilikuwa kwenye ishirini na moja. Ishirini na mbili niliimaliza. Halafu kifua kikafunga, klarineti ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, nikainama nikakohoa mbele ya mamia ya watu walionipenda kuliko wote maishani mwangu.

Na nota haikukatika. Niliisikia nikiwa nimeinama. Nilidhani ni masikio. Malimi alikuwa hajaacha. Alitakiwa aache kwenye ishirini na tano, lakini aliona, akapanda na zeze mpaka juu kwenye nota yangu, akaishika, upinde mbele, upinde nyuma, bila mkwaruzo, mpaka arobaini. Zeze halina mapafu.

Watu walisimama pale walipofika, katikati. Wengine walikuwa wameshanikaribia, wengine wakageuka nusu. Hawakujua waende wapi. Mshindani alikuwa amembeba mwenzake, na hilo halina kanuni. Yule mzee akasema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alimsikia, "Sasa hii nani kashinda?" Hakuna aliyehama. Tulipiga sehemu ya tatu hivyo, watu wote wamesimama kati ya benchi na mimi, wametulia.

28 Agosti

Marobota themanini na nane. Mji mzima unabishana. Wengine wanasema Malimi alikula rushwa ya korosho.

29 Agosti

Mwalimu amekuja kwenye chumba changu, mara ya kwanza. Alikaa juu ya ndoo.

"Hawakusikiliza," akasema. "Walipiga kura."

"Walisikiliza kwa miguu, Mwalimu. Kwao sikio liko huko."

 Halafu akatoa habari: bwana utamaduni amependa. Anatutaka Shinyanga tarehe tisa Desemba, Siku ya Uhuru. "Mpaka hapo kifua kitakuwa kimepona. Nimezungumza na Maganga, utaendelea na kazi hadi mwezi wa kumi, halafu utakaa misheni, utakula kule."

"Desemba mto unafunga. Nikikosa pantoni nakaa mpaka mwezi wa tano."

"Miezi michache, Uledi. Mimi nimengoja miaka mitatu."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamwambia, "Kesho saa nne njoo kinuni. Njoo ndani."

30 Agosti

Alikuja. Maganga alimpa kitambaa, akakikataa kwa adabu. Nikamwingiza chumba cha presi, nikamweka kwenye kona ninaposimama, nikapanda sandukuni kukanyaga na wenzangu. Mashine zote nne zilikuwa zikilia. Alifumba macho kama anavyofanya kwenye mazoezi. Nilihesabu kwa desturi. Kabla ya mia moja alifungua macho, akaanza kukohoa, akashika ukuta, akatafuta mlango upande usiokuwa na mlango. Maganga alimtoa kwa mkono.

Nje alikaa juu ya robota, nywele na kope nyeupe kama mzee.

"Nilikuwa nasikia mlio tu," akasema. "Dirishani vumbi halifiki."

"Ndiyo."

"Ulifika ngapi kweli? Usiku nilifikiri... Kwenye mazoezi. Kweli."

"Mwezi wa saba arobaini. Jumapili ishirini na mbili."

Akapangusa uso. "Nimeandika mashine ya nne na nikampa mtu aliyekuwa ndani yake aipulize." Hakusema samahani. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu samahani ningeijibu 'si kitu', na ni kitu.

Maganga alikuwa amesimama pale. "Ngeleja nilimwambia atoke, akanitukana," akasema. "Wewe nimekuwa nakutuma na mkokoteni kila nilipopata sababu. Misheni wana mbegu za kulisha ng'ombe miaka miwili." Halafu akapaza sauti ya siku zote. "Korosho! Presi leo basi. Nenda kwenye mizani ukapokee mifuko."

Nami nilidhani ananionea kwa mkokoteni ule.

3 Septemba

Mazoezi, bila mimi. Nilikaa benchi la darasa la kwanza. Mwalimu amefuta arobaini kwa raba. Sasa karatasi inasema klarineti itaanza nota na zeze litaipokea popote pumzi inapoishia, bila kuhesabu. Mashimba ana mpwa wake wa kike, Asumini, amemaliza shule ya wauguzi Shinyanga amerudi, na kule alipiga filimbi kwenye kwaya. Mwalimu atamfundisha mpaka Desemba. Leo nimemfundisha vidole vya chini. Nyanjige alisimama mlangoni akimrekebisha.

5 Septemba

Barua. Nilijua kabla ya kufungua kwamba si mkono wa kaka yake. Herufi kubwa, zimepanda mlima. Mistari minne: "Uledi. Hii nimeandika mimi Zena. Barua yako haina siku ya kurudi. Andika siku."

8 Septemba

Siku tisa nje ya presi. Nimejaribu kwa siri nyuma ya stoo ya misheni. Ishirini na sita.

10 Septemba, Jumapili

Nimerudisha klarineti. Niliifungua vipande vitano, nikaipaka mafuta ya karanga, nikafuta kila tundu kwa pamba, iliyoharibu pumzi yangu ndiyo ikasafisha chombo. Nyanjige alipokea sanduku.

"Na mguu wake?"

"Umo. Usiupeleke jikoni."

"Basi moto niupulize na nini, baba? Mapafu yangu?" Akacheka, halafu hakucheka. Amenipa mchele wa njiani.

Malimi amekuja na zeze lake mgongoni kuniaga. Anasema Wagalu bado wanamdai aeleze kwa nini alimwokoa mshindani. "Nimewaambia sikumwokoa. Niliona nota inaanguka, nikaishika. Ng'ombe wa mtu akitumbukia mtoni huulizi kama ni wa Mgika." Mwalimu amenipa karatasi ile ya zamani, yenye arobaini iliyofutwa. Ukiiweka kwenye mwanga bado inasomeka.

Ulimi wa mwanzi wa zamani nimebaki nao, nimeufunga kwenye leso.

Kesho lori la marobota linakwenda Shinyanga, Maganga ameniwekea nafasi juu, mbele, upande ambao upepo hauleti vumbi. Jumatano treni. Ijumaa Dar es Salaam. Mto haujafurika, pantoni inavusha.

Zena, siku ni hii: Jumatano tarehe 20 Septemba, kabla ya Ramadhani. Nikichelewa ni lori, si mimi. Nitashuka barabarani, nitakwenda kisimani, nitahesabu nyumba mpaka ya nne.